Kastabini ya Mkalimani

Mkalimani alikuwa hapokei simu. Simu alikuwa nayo, ndogo ya vibonyezo, ameifunga mpira ili betri isidondoke, na kila asubuhi aliiweka juu ya meza ya cherehani mahali ambapo soko zima lingeiona. Ikilia, alitoa mguu kwenye pedali, akaitazama mpaka inyamaze. Halafu alivaa koti, akafunika cherehani kwa kitambaa, akaenda kumtafuta aliyempigia. Siku moja aliyempigia alikuwa Kyarumba, kule mlimani. Mkalimani alipanda boda mpaka pale boda zinaposhindwa, akamalizia kwa miguu njia ile ya mwinuko ambayo kahawa na maharage hushuka vichwani mwa watu, akafika jua likizama, na kuambiwa kwamba mtu alitaka tu kujua kama suruali yake imekwisha. Ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameiacha mezani, huku kwetu sokoni Bwera.

Kisa hicho alinisimulia mwenyewe, na kukisimulia kulimchukua muda mrefu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaacha kucheka, maana simu yangu mimi ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa, tena nimeizima kwa makusudi.

Nasema mapema ili tusisumbuane: mimi nina kigugumizi. Mkalimani naye alikuwa nacho, kikubwa kuliko changu. Tulikaa jirani katika soko la mpakani miaka kadhaa, mimi nikiuza vitenge, yeye akishona, na siku za soko, Wakongo wanapovuka kwa wingi, tulikuwa watu wawili tunaoogopa kuulizwa bei. Mimi niliandika bei zangu kwenye vipande vya boksi na kuzibandika juu ya vitambaa. Hazikunisaidia kitu. Mnunuzi anasoma bei, anaielewa, halafu anauliza bei, kwa sababu biashara bila maneno kwetu si biashara. Nilipoona mtu anageuza shingo kuja upande wangu, moyo ulianza kwenda mbio kabla hajafungua mdomo.

Asiyekuwa na kigugumizi hudhani shida yetu ni kule kukwama. Kukwama ni dakika moja. Shida ni saa zote zinazotangulia. Nikijua kwamba keshokutwa nitaombwa kusalimia watu kwenye mkutano wa akina mama, chakula hakipiti tangu leo. Nayapanga maneno kichwani, nayatoa mabaya, naweka mengine, na nikifika pale mbele maneno niliyoyapanga yananigeuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ninaumwa kila siku na kitu kilichomo kinywani mwangu.

Mkalimani alikuwa na kastabini, ile kofia ndogo ya chuma inayokinga kidole cha mshonaji na sindano. Hakuivua hata akila. Neno likimkwama, alikuwa akigonga nayo kwenye ubao wa cherehani, ko, ko, ko, taratibu, mpaka neno litoke. Wateja waliokuwa na haraka walimwambia haraka haraka haina baraka, wakidhani wamempa dawa. Bibi yangu mimi alinipa dawa za kweli: alininywesha maji kwenye kengele ya mbuzi, kisha akampa jirani mbuzi mwenyewe, lakini kigugumizi kikabaki.

Kitu alichokichukia Mkalimani kuliko vyote ni kumaliziwa neno. Mtu alimuuliza nguo itakuwa tayari lini, naye alikuwa analitafuta neno Ijumaa. Yule mtu akachoka kungoja, akasema, "Jumanne?" Mkalimani akaitikia kwa kichwa. Alishona Jumamosi yote, na Jumapili baada ya ibada, macho mekundu, ili asirudie kulitafuta neno lile mbele ya yule mtu. Nilimwambia huo ni ujinga. Akaniambia mimi nina mdomo mkubwa kwa mtu asiyeweza kuutumia.

Mke wake peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Yule mama alizungumza kwa mbio kama anayemwaga mtama, na nyumbani kwao alimmalizia mumewe sentensi, salamu, sala ya chakula, hata ugomvi wao wenyewe aliumaliza pande zote mbili. Mkalimani alikaa kimya akitabasamu. Dukani ndiko mambo yalikoharibika, maana huko alienda peke yake. Alitumwa kiberiti akarudi na mishumaa, alitumwa chumvi akarudi na majani ya chai. Hakununua alichotumwa, alinunua kilichokubali kutoka mdomoni. Mke wake alikuwa akipanga vitu vile rafuni na kuwaambia wageni, "Mutu yangu analeta ile duka inamupa."

Sasa nieleze kwa nini aliitwa Mkalimani. Jumapili, katika kanisa letu la pale Bwera, mchungaji alihubiri kwa Lhukonzo, lugha yetu, na kulikuwa na watu wasioielewa: wafanyabiashara kutoka ng'ambo, familia za wafanyakazi waliokuja kutafuta kazi za saruji na migodi upande wa Kasese. Mkalimani alisimama kando ya mchungaji akayageuza maneno yote kuwa Kiswahili. Na hakukwama. Hata mara moja. Sauti ilitoka pana, nzito, inakimbia inapotakiwa kukimbia, na mchungaji akipaza sauti naye alipaza. Mara ya kwanza nilipomsikia nilitazama nyuma yake nione nani anayesema.

Kwa ajili hiyo watu wengi hawakumwamini. Walisema kigugumizi chake ni cha hila, cha kukwepa wadai na vikao vya mtaa. Hawakumwona asubuhi ya Jumapili, nyuma ya kanisa, ameshika ukuta, anatapika maji matupu kwa sababu hakuthubutu kula. Mimi nilimwona. Nilimuuliza kama kila wiki ni hivyo. Akasema kila wiki, kuanzia Alhamisi. Anangoja ile Jumapili ambayo sauti haitakuja.

Nilimuuliza pia inakujaje. Tulikuwa tunafunga vibanda, mvua inanukia. Aligonga kastabini muda mrefu kabla ya kujibu.

"Maneno ya mutu mwingine hainijue," alisema. "Yangu inanijua. Ndiyo maana inanichezea."

Sikumwona kuwa mtakatifu, asije mtu akafikiri hivyo. Alikuwa mchoyo wa uzi na mwepesi wa kununa. Alimtukana mbuzi wa jirani bila kukwama hata silabi moja, matusi marefu yenye mpangilio, halafu akamgeukia mwenye mbuzi akashindwa kusema "habari". Na mtu huyuhuyu aliyebadilisha chumvi kuwa majani ya chai kwa kuogopa neno alikuwa na jambo moja ambalo hakulibadilisha kamwe, nalo ni jina.

Kwetu Wakonzo jina la kwanza halichaguliwi; linafuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea. Ukitaja jina lako, mtu ameshajua umekaa wapi kwenye mgongo wa mama yako. Mimi ni wa pili, Biira. Herufi ile ya mwanzo inataka midomo ifungwe kisha ifunguke, na yangu ikifungwa inafungwa kweli. Kwa hiyo tangu usichana nilijifunza kujiita Ithungu, jina la msichana wa tano, ambalo ni la mdogo wangu, kwa sababu linaanza mdomo ukiwa wazi. Kwa wateja wa ng'ambo nilikuwa Ithungu, na zahanati Ithungu. Kwa nusu ya watu wa soko nilizaliwa wa pili na kwa nusu nyingine wa tano, na mama yangu alipokuja kunitembelea aliulizwa hao wengine aliwaficha wapi.

Mkalimani hilo hakuliweza. Yeye pia herufi ile ilikuwa adui yake, lakini kila asubuhi alipofika alisimama mbele ya vitenge vyangu, akagonga, akasubiri, akakunja uso, akaniita Biira. Angeweza kuniita mama, au wewe, au kuinua mkono tu. Nilimsihi aache, maana kumtazama kulinitia hofu. Niliona uso wangu mwenyewe pale. Akaniambia maneno mengine yote ni ya soko, mtu anaweza kubadilishana, lakini jina nilipewa mimi. Nilimwambia kusema ni rahisi. Tukacheka, maana kwetu sisi wawili kusema hakukuwa rahisi.

Basi ukaja ule mwaka wa askari. Ugomvi wa wakubwa siuelezi, wenyewe wanaujua. Mimi najua vizuizi. Barabara ya kwenda Kasese ilikuwa na askari, na kila gari liliposimamishwa abiria walishuka, wakapanga foleni, kila mmoja akaonyesha kitambulisho na kutaja jina lake kwa mdomo. Tulisikia habari za watu waliotolewa kwenye foleni na hawakurudi nyumbani siku hiyo. Wengine walikuwa wakiogopa risasi. Mimi niliogopa swali.

Siku yetu ilikuwa ya mawingu. Tulipata nafasi nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa, mimi nikienda kununua vitenge, Mkalimani vifungo na bitana. Tuliposimamishwa, askari mmoja alipita kando ya foleni akisema, "Kadi mukononi, jina kwa mudomo." Nilimtangulia Mkalimani. Nililirudia jina langu kichwani hatua kwa hatua, na kila nilivyolirudia ndivyo midomo ilivyozidi kukaza. Nilipofika mbele, mgongo ulikuwa umelowa.

"Jina."

Midomo ikafungwa. Askari aliinua macho kutoka kwenye kadi. Mwenzake aliyekuwa ameegemea magunia ya mchanga ya kizuizi akasimama sawa, akashika bunduki kwa mikono miwili. Na hapo, kwa mazoea ya miaka yote ile, jina likateleza lenyewe.

"Ithungu," nilisema, vizuri kabisa.

Aliisoma kadi. Akanitazama. Akauliza kadi hii ni ya nani na nimeiokota wapi. Nilitaka kueleza, hakuna kilichotoka ila pumzi. Mtu mwenye hofu na mtu mwongo wanafanana sana usoni, na mwenye kigugumizi anafanana na wote wawili. Wakaniambia nikakae chini penye turubali, palipokuwa na wanaume wawili wamevuliwa viatu na mikanda, hawatazami mtu. Nilikaa. Niliwaza watoto wangu watakaporudi kutoka shuleni wakute mlango umefungwa. Mkojo ulinitoka kidogo. Sioni haya kulisema, ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikamwona Mkalimani anatoka kwenye foleni. Kutoka tu kulitosha kumuua mtu. Mikono ilikuwa juu, kastabini inang'aa kidoleni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya Jumapili.

"Afande, mimi niko mukalimani. Huyu mama aseme, mimi nitaleta."

"Yeye hajui Kiswahili?"

"Anajua, afande. Woga ndiyo imemukalia mudomo."

Hakungoja ruhusa. Alinigeukia, akaniambia kwa Lhukonzo nisimtazame askari, nimtazame yeye, niseme polepole, hata kikitoka kipande atakibeba. Nikasema. Vilitoka vipande, vingine nusu. Naye, kama afanyavyo kanisani, hakusema "huyu mama anasema hivi", alisema "mimi". Mzee wa mvi, kasimama katikati ya barabara na mikono juu, anatangaza: "Mimi naitwa Biira. Mimi ni mutoto musichana wa pili kwa mama yangu. Jina yangu inakwama, nikaogopa, nikachukua ya mudogo yangu." Askari mmoja alishindwa kujizuia akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonirudishia kadi yangu.

Lakini mkubwa wao hakucheka. Alimsogelea Mkalimani.

"Na wewe sasa. Jina."

Niliiona sauti ya Jumapili ikimwacha, kabisa niliiona, mabega yalishuka. Alianza kugonga kastabini kwenye chuma cha pikapu. Mkubwa akamwambia aache kugonga. Akaacha. Mikono ikaning'inia, na midomo yake ikaanza kutetemeka bila kutoa kitu. Jina lake nilikuwa nalijua. Nilifungua mdomo nimtolee, naye akanitazama, akatikisa kichwa. Angeweza kujiita jina lolote la zamu yoyote, kama mimi. Alisimama pale akangoja jina lake, na sisi sote tukangoja, na yule mwenye bunduki akangoja, sijui kwa muda gani. Lilitoka kwa vipande, silabi ya kwanza mara nyingi, kisha lote. Sitaliandika hapa. Alilitoa mwenyewe kwa jasho lake, siwezi kulitupa kwenye karatasi bure.

Mkubwa alililinganisha na kadi. "Kumbe ni ugonjwa ya familia," akasema. "Panda gari."

Tuliondoka kuelekea Kasese. Nilimshukuru. Aligonga muda mrefu kwenye ubavu wa pikapu, kisha akasema neno moja, "Nimeitumia." Sikuelewa alichotumia mpaka Jumapili.

Jumapili mchungaji alisema sentensi yake ya kwanza, Mkalimani akafungua mdomo, na tukasikia kastabini kwenye mbao za mimbari. Ko, ko, ko. Tulidhani kipaza sauti kimekufa. Fundi alienda kutikisa waya. Mchungaji akarudia sentensi. Kisha mama mmoja wa benchi la mbele, mtu mwema, akammalizia neno. Na mwingine akammalizia linalofuata. Kanisa zima la watu wema likawa linammalizia. Aliinama kwa heshima, akashuka, akakaa kando ya mke wake, na mke wake kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Yeye aliamini sauti ile ilikuwa ya kuazima, ya kazi ya Mungu tu, na yeye kaitumia barabarani. Mimi sikuamini hivyo. Naamini woga ulikuwa haujui njia ya mimbarini, na siku ile ya kizuizi ukamfuata mpaka huko. Ila sikumwambia. Niliogopa atakayonijibu. Yeye ndiye aliyenijibu bila kuulizwa, siku anapakia cherehani kuhamia Kyarumba kwenye shamba la kahawa la wakwe zake. Alisema angefanya vilevile tena, lakini nisidhani angefurahi.

Sokoni waliendelea kumwita Mkalimani, ingawa hakuwepo na hakuwa tena mkalimani. Simu zake mke ndiye aliyepiga, na ndiye aliyepokea.

Ilikuwa wakati ule tunapimwa joto mpakani kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa ng'ambo, na kila namba ngeni ilikuwa habari ya kutisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya soko. Simu ikalia. Siku hizo nilikuwa naiacha wazi kwa ajili ya mtoto aliye bweni, kwa hiyo nikaipokea. Nikasema haloo. Hakuna mtu, pumzi tu. Nikasema tena. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kukata niliposikia upande wa pili, kwa mbali, ko, ko, ko.

"Mkalimani," nikasema. "Niko hapa."

Nikakaa juu ya vitenge. Mnunuzi aliuliza bei, nikamwonyesha kiganja. Mkalimani aligonga, akaacha, akagonga. Kisha nikasikia anachojaribu kukisema. Alikuwa anaanza na jina langu. Alikuwa na jambo kubwa hata akashika simu, na bado alianza na herufi ile. Sikummalizia. Niliuma kidole nisimmalizie.

"Biira," akasema mwisho. "Muke yangu ameanguka. Hasemi." Akagonga tena. "Nimepigia watu. Banakata simu."

Ilibidi sasa nimpigie mimi mwenye pikapu, yule wa kahawa, akampokee mgonjwa pale barabara inapoishia ampeleke hospitalini. Alipokea akauliza ni nani. Jina la Ithungu lilikuwa tayari mlangoni, jepesi kama kawaida, lakini yule mtu alinijua kwa jina langu kutoka siku ya kizuizi, na hakukuwa na muda wa kuulizana Ithungu gani. Nilifunga midomo. Ikakaa. Akasema haloo, haloo, mara ya tatu kwa hasira. "Biira," nikasema, na hakukata.

Niliwakuta hospitalini kesho yake. Mama yule wa maneno ya mbio alikuwa amelala, upande mmoja wa mdomo umeshuka, na alikuwa anatafuta neno. Alilitafuta kwa jicho, kwa shingo, kwa ule mkono unaofanya kazi. Muuguzi, binti mpole, aliinama akamsaidia: maji? uji? shuka? Mkalimani aliinua kidole chenye kastabini.

"Mu-mungoje," alisema.

Muuguzi alinitazama mimi, nikamwambia angoje. Tukangoja watatu. Mkalimani hakugonga. Niliona jasho kipajini mwake na nikajua anavyoogopa, maana hata mimi niliogopa hivyohivyo, kwamba huenda hakuna neno tena mle ndani.

Lilipotoka halikuwa maji wala uji. Lilikuwa jina la mumewe, lile la kwenye kadi, limepinda kidogo, lakini lote. Mkalimani aliivua kastabini, akaitia mfukoni, akamshika mkono.